Chelo kwenye godauni la kahawa, Moshi: nunua tiketi ya saa 1 usiku

Hili ni onyesho la picha za projekta na muziki wa chelo uliorekodiwa, ndani ya godauni. Tuanze na tiketi, maana ndiyo itakayoamua kama utatoka umeridhika au unanung'unika. Kwa siku kuna maonyesho matatu: saa 10 jioni, saa 1 usiku na saa 2 na nusu usiku. Bei ni moja, shilingi 15,000 kwa mtu mzima na 5,000 kwa mwanafunzi mwenye kitambulisho, lakini mali si moja. La saa 10 liache. Paa la godauni ni bati kuukuu lililopigiliwa na kung'olewa misumari miaka mingi, na jua la jioni linapenya kila tundu na kuangusha sakafuni viduara vya mwanga vya upana wa kiganja. Vinapendeza, tusiseme uongo. Kila kiduara ni picha ya jua lenyewe, kwa kuwa tundu dogo juu ya chumba chenye giza hufanya kazi ya lenzi, na wapo wanaovipiga picha kwa simu wakidhani ni sehemu ya sanaa. Kinachoumia ni ukuta: weusi unageuka kijivu, na vipande vya mwisho, ambavyo vimetengenezwa kwa giza, vinapotea kabisa. Jua la Moshi huzama saa 12 na nusu hivi, likichelewa sana saa 1 kasoro dakika 10. Nunua la saa 1.

Msanii hakuandika jina lake kwenye bango. Ameandika saa na bei, basi. Kazi yake ni hii: ameligeuza godauni zima kuwa picha, ukutani, sakafuni na kwenye vyandarua vilivyoning'inizwa, na ndani ya picha hiyo ameweka chelo moja. Chelo ni ndugu mkubwa wa fidla, ile inayokaa katikati ya magoti ya mpigaji. Muziki ni suiti ya kwanza ya Johann Sebastian Bach ya chelo pekee, vipande 6: Preludi, Alemandi, Kuranti, Sarabandi, Menueti mbili zinazohesabiwa kipande kimoja, na Jigi. Hakuna piano wala okestra; ni nyuzi 4, A, D, G na C kuanzia nyembamba hadi nene, na upinde. Rekodi inachukua kama dakika 18 na inapigwa mara 2 mfululizo. Mara ya kwanza mnakaa kwenye mikeka, mara ya pili mnaruhusiwa kutembea. Pamoja na maelezo ya mlangoni, ni dakika 45.

Anayehofia kwamba huu ni muziki wa watu wengine, akumbuke kwamba wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitoka Leipzig, mji ule ule ambao Bach aliongoza muziki wa kanisa tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Aliyekulia kwenye kwaya za KKKT, kanisa la Kilutheri, ameimba tangu utotoni tenzi za Kijerumani ambazo Bach alizipanga kwa sauti 4, na pengine hajawahi kuambiwa jina lake. Suiti hizi zenyewe si za kanisani. Alizitunga mapema zaidi, akiwa Köthen, na majina ya vipande karibu vyote ni ya ngoma za kuchezwa. Ila sikio la Moshi halianzi sifuri hapa.

Sasa kinachofanya onyesho hili listahili nauli. Si picha, ni mwangwi.

Godauni lina urefu wa mita 24, upana wa mita 12 na kimo cha mita 6. Chumba cha aina hiyo kikiwa kitupu, chenye sakafu ya saruji, kuta za lipu na paa la bati, sauti hudumu sekunde 5 hadi 6 kabla ya kufa. Hesabu yake ni nyepesi: chukua ujazo, mita za ujazo 1,728, zidisha kwa 0.161, kisha gawa kwa eneo linalonyonya sauti, ambalo katika chumba kigumu hivi ni kama mita za mraba 50. Sasa weka Preludi ndani yake. Ina vipimo 42, yaani mafungu ya mapigo, na karibu kila kimoja kina noti 16. Kwa mwendo wa mpigaji huyu ni noti 4 na nusu kwa sekunde. Mwangwi wa sekunde 6 maana yake noti zaidi ya 25 zinaelea hewani kwa pamoja. Huo si muziki tena, ni uji.

Dawa waliyotumia ni ya nyumbani: magunia ya kahawa. Wametundika kama 200 kwenye kuta tatu, kila moja likiwa na eneo la karibu mita za mraba 0.7, na hawakuyabandika ukutani. Yamening'inia sentimeta 20 mbele ya lipu. Hapo ndipo unapojua kuna mtu aliyeelewa anachofanya. Gunia lililogusana na ukuta hukamata sauti nyembamba tu. Likiachiwa nafasi nyuma yake linaanza kukamata na zile za kati. Mwangwi umeshuka hadi kama sekunde 3, na watu 40 wakikaa, kwa kuwa mwili wa mtu nao hunyonya sauti, unashuka hadi 2 na nusu. Tiketi haziuzwi zaidi ya 40, na onyesho lenye watu 8 husikika kama kanisa tupu. Si lazima hilo liwe baya. Preludi inaharibika kidogo, Sarabandi inapendeza zaidi. Ukipenda vitu vya polepole nenda Jumanne. Ukitaka kusikia kila noti nenda Jumamosi kukijaa.

Sauti nzito ni habari nyingine. Ili kitambaa kikamate noti ya chini kama uzi wa G wa chelo kinatakiwa kukaa karibu sentimeta 90 mbele ya ukuta, na hakuna mwenye nafasi ya kutupa hivyo. Kwenye kona 4 wamepanga magunia yaliyoshindiliwa makapi ya kahawa, hadi kichwani mwa mtu. Yanasaidia, hayatoshi. Noti za uzi wa chini kabisa, C, bado zinanguruma kama lori linalosubiri getini. Wangeyapandisha hadi kwenye bati katika kona mbili za nyuma, ambako mngurumo ni mkubwa zaidi, wangekuwa wamemaliza.

Jambo jingine lililofanywa kwa akili ni rekodi yenyewe. Ni kavu: maikrofoni iliwekwa karibu na chombo, kwenye chumba kisicho na mwangwi, kiasi kwamba unasikia upinde ukigusa uzi na mpigaji akivuta pumzi. Rekodi nyingi za Bach zimefanywa kwenye makanisa ya mawe, na ukiipiga moja ya hizo humu unapata mwangwi juu ya mwangwi. Hapa godauni lenyewe ndilo linalomalizia muziki.

Kuna spika 6, mbili mbele, mbili pembeni, mbili nyuma. Kwa Preludi na Sarabandi chelo inakaa mbele na spika za nyuma zinaongeza ujazo tu. Sauti husafiri mita 1 kwa kila milisekunde 3, kwa hiyo aliyekaa mwisho husikia spika ya mbele kama milisekunde 50 baada ya ile iliyo karibu naye. Wamezichelewesha za nyuma kwa milisekunde 60, na sikio linaamini kwamba chelo iko mbele. Sawasawa kabisa. Kisha, kwenye Alemandi, msanii ameharibu: ameifanya chelo izunguke, sasa iko kushoto, sasa nyuma yako, sasa juu ya bega. Janet Cardiff wa Kanada aliweka spika 40 kwenye kazi yake ya mwaka 2001, na ukipita kati yake unapita kati ya watu, kwa sababu muziki aliouchagua, wa Thomas Tallis, umeandikwa kwa sauti 40 na kila spika ina mwimbaji wake. Chelo ni moja na ina mwili mmoja. Ukiizungusha chumbani, mwili unatoweka na kinachobaki ni spika.

Kasoro inayoudhi zaidi, na ambayo ingetibiwa kwa mchana mmoja, ni mlio wa umeme. Kabla ya noti ya kwanza sikiliza spika ya mbele kushoto: mmmm. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na unapovuja kwenye waya wa sauti unakuja na 50 pamoja na mara mbili yake, 100. Uzi wa tatu wa chelo, G, ni hezi 98. Suiti hii yote imesimama juu ya G, na noti ya kwanza kabisa ya Preludi ni uzi huo mtupu. Sauti mbili zilizokaribiana namna hiyo hugombana: zinavimba na kunywea mara 2 kwa sekunde. Asiyejua atadhani mpigaji anatetemesha kidole, lakini uzi mtupu hauna kidole. Likiwashwa jenereta na mzigo ukalielemea likashuka hadi hezi 49, mlio unakaa hasa juu ya 98, ugomvi unaisha, na G inanenepa bila sababu.

Chanzo kinaonekana kwa macho. Kompyuta imechomekwa kwenye soketi ya ukuta mmoja, amplifaya kwenye ukuta wa pili, na kati yake kuna waya mwembamba wa sauti wa mita 20. Ethi mbili, yaani nyaya za usalama zinazoingia ardhini, zenye njia tofauti zimeunganishwa na waya huo, na umeme mdogo unazunguka humo. Tiba ni kuchomeka vyote kwenye chanzo kimoja, kubadili waya wa sauti uwe ule wa plagi ya pini 3 iitwayo XLR, na kama mlio unabaki, kuweka kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha. Fundi akikushauri ukate mguu wa ethi kwenye plagi, mlio utaisha kweli. Siku amplifaya ikipata hitilafu, atakayeisha ni mwenye kuigusa.

Picha sasa. Ukuta mrefu una picha ya upana wa mita 16, imetupwa na projekta mbili za lumeni 5,000, kipimo cha mwanga, zilizofungwa upande wa pili kwa kimo cha mita 4 na nusu. Kila moja inafunika kama mita 8.9, na katikati zinapandana kwa asilimia 20 ili mshono usionekane. Kwenye picha zenye mwanga hauonekani. Kwenye giza unaonekana, kwa sababu projekta haitoi weusi wa kweli, inatoa kijivu hafifu, na mahali zinapopandana kijivu kinakuwa mara mbili. Wakati wa Sarabandi kuna mstari mpana unaosimama katikati ya picha ya usiku wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kama pazia la kuogea. Programu za kuchanganya picha zina sehemu ya kuinua weusi wa pande zote mbili ulingane na wa katikati. Haikuguswa.

Kwenye vyandarua ndiko sanaa iliko. Ni vya kawaida, vyeupe, vimeshonwa pamoja hadi upana wa mita 8 na kuning'inizwa tabaka 3, moja kila baada ya mita 2 na nusu. Projekta nyingine mbili zinatupa picha kwa urefu wa godauni. Chandarua cha kwanza kinadaka sehemu ya mwanga, kinachopita kinadakwa na cha pili, kilichobaki na cha tatu, na picha ile ile inasimama mara 3 hewani, kila moja kubwa kidogo na hafifu kuliko iliyotangulia. Maji yana kina, moshi una kina. Vya bluu visingefaa, vinameza wekundu na manjano. Kuna mtego mmoja ambao wameukwepa vizuri: matundu ya chandarua ni kama milimeta 2, na nukta za projekta kwa upana huu ni kama milimeta 4. Vipimo viwili vinavyokaribiana hivyo huzaa mawimbi ya mistari yanayocheza usoni mwa picha. Wamelegeza lenzi kidogo, picha ikawa laini, mistari ikatoweka.

Preludi ni maji ya mfongo, mfereji wa Wachagga wa kumwagilia mashamba, yamepigwa picha kwa mkupuo mmoja bila kukatwa, kamera ikifuata mkondo kutoka migombani hadi kwenye mibuni. Noti zinazotiririka bila kupumzika na maji yasiyosimama: kwa maneno inasikika kama wazo jepesi, lakini humu linafanya kazi, kwa kuwa msanii hakujaribu kulinganisha kila noti na kila tone. Maji yana mwendo wake. Karibu na mwisho, chelo inapopanda ngazi nusu kwa nusu huku uzi wa D ukishikilia chini, kamera inafika kwenye banio na maji yanajaa taratibu. Hapo tu ndipo vitu viwili vinakutana, na ndiyo dakika bora ya jioni yote.

Kuranti ni kinyume chake. Picha inakatwa kwa kila noti, mikono inayochagua kahawa, tok, tok, tok, mara 5 au 6 kwa sekunde. Macho yanachoka, na kibaya zaidi, picha na noti havilingani. Projekta huchukua milisekunde kadhaa kuitengeneza picha kabla ya kuitupa, na mwangwi wa chumba unaifuta mipaka ya noti. Hata ukirekebisha kwa kompyuta, aliyekaa mita 4 na aliyekaa mita 18 hawatasikia kwa wakati mmoja. Mpango wa namna hiyo unafaa kwa hedifoni, si kwa godauni. Mwenye kifafa au kipandauso afumbe macho kwa dakika hizo mbili na nusu.

Menueti ya kwanza iko kwenye G ya furaha, ya pili imegeuka G ya huzuni, kisha ya kwanza inarudi. Msanii anahamisha picha kutoka ukutani kwenda kwenye vyandarua na kuirudisha. Rahisi, safi. Jigi ni watoto wanaoruka kamba, haina makuu.

Kuhusu pa kukaa: mlinzi wa mlango atakuelekeza mbele, maana ndiko kunakojaa kwanza. Pita. Tafuta mkeka ulio kati ya chandarua cha pili na cha tatu, upande wa kulia, mbali na ile spika ya kushoto yenye mlio. Ukikaa hapo picha iko mbele yako na nyuma yako. Usikae ukiegemea magunia. Ncha za nyuzi zake zinawasha, na vumbi lake ni la kweli. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Mzunguko wa pili tembea, lakini pitia pembeni, kwa kuwa anayekatiza katikati anaweka kivuli chake cha mita 3 kwenye kila tabaka.

Umeme ukikatika, kaa. Kompyuta, mikisa na amplifaya vina betri za akiba, projekta hazina. Chelo inaendelea gizani, jenereta linawaka nyuma ya ukuta baada ya sekunde 15, na picha inarudi baada ya kama dakika moja. Dakika hiyo moja ya chelo na giza ni hoja nzito dhidi ya nusu ya picha za msanii, na yeye mwenyewe huenda anajua.

Wapo wanaotaka kufanya kitu kama hiki kwenye ukumbi wa shule au wa kanisa. Inawezekana kwa projekta moja na chandarua tabaka 2. Pima mwangwi kwanza: piga kofi moja, hesabu mpaka kimya. Ukipita sekunde 3, fedha ya kwanza iende kwenye magunia na mapazia, si kwenye lumeni. Acha nusu mita kati ya gunia na mdomo wa joto wa projekta, maana gunia kavu huwaka upesi na chandarua huyeyuka na kudondoka kikiwa na moto. Usitumie spika za bluetooth, zinachelewesha sauti kiasi cha kuonekana. Projekta 4, spika 6 na kompyuta moja hapa vinakula kama kilowati 2 na nusu. Jenereta la kVA 5 linatosha na kubaki, na liwe nje, nyuma ya ukuta, mita 30 ukiweza. Milango iwe miwili na wa pili usifungwe kwa kufuli. Hapa upo, nyuma ya chandarua cha tatu, na taa yake ya kijani inatia doa kwenye picha. Waiache hivyo hivyo.

La mwisho ni mvua. Bati halina dari, na mvua ya wastani tu inaifunika chelo yote isipokuwa uzi wa A. Hawaahirishi onyesho, wanaongeza sauti, na sauti ikiongezwa na ule mlio unaongezeka. Ikianza kunyesha kabla ya Sarabandi, nenda mlangoni uombe tiketi yako igongwe muhuri wa kurudi siku nyingine. Wanagonga bila ubishi, lakini uwe bado uko ndani. Ukishavuka kizingiti hawagongi.